Kule dubu anangoja barafu: niliyowaambia madereva wenzangu kuhusu safari ya Churchill

Shikamooni wazee wangu, na nyie machalii mambo vipi. Mwenyekiti kanipa dakika 20 na sote tunajua humu ndani hakuna dereva aliyewahi kumaliza stori kwa dakika 20, kwa hiyo mnivumilie, na anayesinzia asinzie kwa adabu.

Mnanijua, nimebeba wageni miaka 17, Kreta ya Ngorongoro naijua usiku na mchana, Serengeti nimekwama matope kila sehemu inayokwamika. Sasa mwaka jana shemeji yangu anayeishi Winnipeg, Kanada, alikuwa anamuoza binti yake, ukoo ukachanga nauli nikatumwa mimi niwakilishe. Harusi ikaisha, watu wamecheza wamechoka, nimebaki na siku kumi na mbili mkononi, shemeji ananizungusha madukani tu. Nikamwambia shemeji asante lakini mimi siwezi kurudi Arusha nikasema nimeona maduka na theluji ya kwenye paking, nipelekeni porini, na safari hii nataka nikae kiti cha mgeni, mtu mwingine aendeshe. Akacheka sana, alafu akaniambia basi nenda Churchill, kamji ka kaskazini kando ya Ghuba ya Hudson, ndo msimu wenyewe huu, dubu weupe.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Kwenye vitabu vya shule msimu ule wanauita vuli, lakini vuli yetu sisi ni mvua, mnajua, matope na magari kuchelewa. Kule ni msimu wa majani kupukutika, na ukienda kaskazini kila saa unaona miti inazidi kuwa mifupi na mitupu. Nilipanda treni maana ndege ni bei ya kiwanja. Kufika Churchill hakuna barabara, narudia, hakuna barabara kabisa, ni ndege au reli, na reli ni kama kilomita 1,700 kutoka Winnipeg, masaa arobaini na kitu, siku mbili umekaa. Mwishoni treni inatembea kama punda mgonjwa, kwa sababu reli imelazwa juu ya ardhi iliyoganda na maji ya kinamasi, pakiyeyuka kidogo reli inapinda. Mwaka 2017 mafuriko yalikata ile reli, mji ukakaa zaidi ya mwaka mzima bila treni, mafuta na vyakula vinaletwa kwa ndege na meli. Mzee mmoja kwenye behewa alinisimulia bei ya maziwa ya kipindi kile, mpaka mimi nisiyekunywa maziwa nikasikitika.

Sasa mtauliza kwa nini dubu wajae pale na si sehemu nyingine. Hapa ndo nilipoelewa haraka kuliko wageni wenzangu, kwa sababu ni stori ya nyumbu tu. Yule dubu anaishi kwa kula sili, mnyama wa baharini, na sili anamkamata akiwa juu ya barafu ya bahari, hawezi kumfukuza kwenye maji akampata. Ghuba ya Hudson kiangazi inayeyuka yote, barafu hamna, dubu anapanda nchi kavu anakaa karibu bila kula miezi mingi, anaokota okota majani ya bahari na matunda ya porini, hayo si chakula kwa mnyama wa kilo 400 hadi 600 jamani, simba wetu dume mzima hafiki hata 250. Ikifika mwezi wa kumi na mwezi wa kumi na moja wote wanaanza kusogea ufukweni kungoja bahari igande. Na pale Churchill ndo panaganda mapema, kwa sababu mto unamwaga maji baridi, na maji baridi yanaganda kabla ya maji ya chumvi, tena mikondo ya ile ghuba inasukuma barafu upande ule. (Wakati naongea kuna mtu aliniuliza maji baridi ni yapi, kule si yote baridi. Namaanisha yasiyo na chumvi bwana, hebu tuheshimiane.) Kwa hiyo dubu wamesimama ukingoni wanaangalia maji kama nyumbu wa mto Mara pale Kogatende, tofauti nyumbu anaogopa kuvuka, huyu anaomba njia iwepo.

Mji wenyewe ni mdogo, sensa ya 2021 ilihesabu watu 870. Milango ya magari hawafungi, ukikutana na dubu barabarani unaruka ndani ya gari lolote lililo karibu. Nilijaribu, nikashika vitasa vya magari manne ya watu nisiowajua, yote yakafunguka, ningefanya hivyo kwetu Arusha, Kaloleni, sijui ningekuwa naongea na nani saa hizi. Na nilikuwepo tarehe 31 mwezi wa kumi, ile sikukuu yao watoto wanavaa mavazi ya kutisha wanapita nyumba kwa nyumba kuomba pipi. Mchana helikopta inazunguka kuangalia kama kuna dubu karibu, jioni magari ya zimamoto, ambulansi, polisi na maaskari wa wanyamapori wanapaki pembeni mwa mji taa zinawaka, watoto wanapita katikati na makoti yao makubwa chini ya mavazi. Niliambiwa mtoto asivae kitu cheupe. Nadhani hapo hakuna haja ya maelezo.

Wanayo na jela ya dubu. Sio utani, ni jengo la zamani la jeshi, lina vyumba 28. Dubu akizoea kuingia mjini wanamtega kwa mtego wa bomba kubwa wameweka harufu ya sili ndani, akiingia mlango unashuka, anapelekwa pale. Anapewa maji, chakula hapewi hata kidogo. Mgeni mmoja wa kwenye kundi letu alisema hiyo ni ukatili, na gaidi wetu, samahani, muongoza watalii wetu (nyie mnaocheka nawaona), yule mama akamjibu taratibu tu kwamba dubu kipindi hicho hali hata akiwa huru, na ukimlisha mara moja umemfundisha kwamba mjini kuna hoteli. Baadaye anafungwa kwenye wavu chini ya helikopta anapelekwa mbali kaskazini, au wanamngoja barafu ishike wanamwachia.

Mimi nikawaza mwewe wa Ngoitokitok, pale wageni wanapolia chakula ndani ya Kreta. Nani aliwafundisha wale mwewe kunyakua paja la kuku mkononi mwa mtoto wa watu? Ni sisi na lanchi boksi zetu. Na nyani wa maeneo ya kulia chakula tunawajua mpaka kwa sura. Kule wana dampo walilolifunga mwaka 2005, zamani dubu walikuwa wanakula takataka pale mbele ya watu na watu wanapiga picha, wakaamua sasa basi, takataka zinawekwa ndani ya jengo. Sisi bado tunabishana kuhusu mifuniko ya mapipa.

Haya, siku ya gemu, yaani kutoka kwenda kutafuta wanyama. Gari lao ni kama basi limepandishwa juu ya trekta, tairi peke yake linanifika begani, madirisha yako juu kiasi kwamba dubu akisimama kwa miguu miwili hafikii kirahisi. Ndani kuna hita ya gesi na kuna choo. Hiki choo ndo kilinishangaza kuliko dubu, kwa sababu nilishazoea mgeni akisema dereva nataka kuchimba dawa, unaangalia kulia, unaangalia kushoto, unampeleka nyuma ya gari unageuza shingo. Kule hakuna kuchimba dawa. Mguu wa mtu haugusi ardhi kuanzia asubuhi mpaka jioni, hata dereva, hata tairi ikizingua wanaita gari lingine kwanza.

Yule mama aliyetuongoza sitamtaja jina, hakuniomba umaarufu. Alikuwa na umri kama wa dada yangu mkubwa, anaongea kidogo, simu ameiweka ndani ya droo, binokula iko shingoni muda wote. Nilimwambia natoka Serengeti ni mwenzake, akanipa mkono, akaniuliza swali moja tu: tembo akikasirika unajuaje? Nikamwonyesha masikio. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi.

Asubuhi hatukuona kitu. Namaanisha kitu ambacho mgeni anaita kitu. Tuliona kwale weupe wameshabadilika manyoya, wamejaa kwenye vichaka vya mierebi vinavyonifika gotini, ukiwaangalia unaona macho meusi tu yanatembea. Tuliona mbweha mweupe anapita mbio mbio, yule mama akasema huyu msimu wa barafu anamfuata dubu nyuma nyuma ale mabaki, nikasema basi huyo namjua, ni mbweha wetu na simba. Miti ina matawi upande mmoja tu kama bendera, kwa sababu upepo wa kaskazini magharibi unaua machipukizi ya upande wa pili. Alafu redio ikalia, sauti ikasema kitu kama "karibu, karibu", mimi nikageuka kwa furaha nikadhani kuna Mswahili. Kumbe wameona caribou, ni mnyama wao mwenye mapembe makubwa. Nilimweleza yule mama maana ya neno lile kwetu, ndo mara ya kwanza nikamwona anacheka.

Saa nne ikafika, saa tano, wageni wameanza. Nyie mnaijua hiyo hali, huyu anahema, yule anaangalia saa, mwingine anauliza kwa sauti ya upole yenye sumu, je jana waliona? Na mimi, wallahi sidanganyi, miaka 17 kwenye usukani, nilikuwa nanung'unika moyoni kama wao. Nilikuwa nasema huyu mama anazubaa, kwa nini asiulize redio, kwa nini tusikimbie upande wa pili. Kiti cha mgeni kinakubadilisha, sikutegemea.

Yeye akafika sehemu moja karibu na maji, akageuza gari likawa linaangalia upepo, akazima injini. Akasema tunakaa hapa. Akatoa supu. Akakaa. Mbele yetu kulikuwa na mawe, theluji kidogo, majani ya bahari yaliyoganda, basi. Tulikaa saa nzima na dakika arobaini, niliangalia saa yangu kwa sababu nilitaka nije niwaambie nyie.

Alafu jiwe moja likainua kichwa.

Lilikuwa pale muda wote jamani. Na si jeupe, hiki ndo kilichonipoteza mimi na macho yangu ya kazi, nilikuwa natafuta kitu cheupe. Dubu mbele ya theluji ana rangi ya samli iliyoganda, na ile manyoya ukiiona kwa karibu haina rangi, ni kama nyuzi za mshipi wa kuvulia, ngozi chini ni nyeusi. Akasimama, akajinyoosha nyuma juu kama paka, akapiga miayo, ulimi nao una weusi. Baada ya muda akatokea wa pili kutoka kwenye vichaka, madume wote, wakaangaliana, wakasimama kwa miguu ya nyuma wakakumbatiana wanasukumana kama vijana wa mnadani waliokunywa. Sio ugomvi. Majike wa kugombania hawapo muda huo, yule mama alisema wanapimana tu, kila mmoja anajua uzito wa mwenzake mapema, wakichoka wanalala chini wanahema moshi, wanakula theluji kupooza mwili, wanaanza tena. Majike wenye mimba hata hawaji ufukweni, wameshaingia ndani kusini kule hifadhi ya Wapusk, wamechimba mashimo kwenye udongo ulioganda, wanazaa humo mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, na wanaweza kukaa mpaka miezi 8 bila kula huku wananyonyesha. Wapusk kwa lugha ya Wacree, wenyeji wa asili wa kule, maana yake ni dubu mweupe, hivyo hifadhi inaitwa kwa jina la mwenye nyumba.

Yule wa kwanza akaja kwenye gari. Nyuma ya gari kuna kibaraza cha wazi, sakafu yake ni nondo zilizosukwa kama wavu, unaona chini. Nikatoka pale na watu watatu, yule mama akanyoosha kidole chini, hakusema neno. Dubu alikuwa chini ya viatu vyangu. Anavuta hewa, nasikia kabisa anavuta, alafu anaitoa, na ile pumzi ya moto ikapanda kupitia zile nondo ikaingia kwenye suruali yangu, ikanuka kama samaki wa juzi. Nikatazamana naye jicho kwa jicho kwa umbali kama wa mimi na hiki kipaza sauti mara mbili. Nimeshawahi kupumuliwa na simba dirishani Ndutu. Hii ilikuwa nyingine, kwa sababu simba anakuangalia kama gari, huyu alikuwa ananiangalia kama mtu anayefikiria.

Sasa hapo ndo nilikumbuka kitu cha aibu, na nimekuja kukisema mbele yenu maana wengine mlikuwepo. Mwezi wa nane mwaka fulani, mto Mara, nyumbu wamejaa ukingoni, magari kama stendi. Wageni wangu walikuwa na siku moja tu. Wa mbele wakaanza kushuka mtoni, mimi nikasogeza gari nipate angle nzuri, nikaziba pale pale wanapotokea. Wa kwanza akaliona gari, akageuka, kundi lote likageuka, vumbi, wakakaa juani mpaka jioni hawakuvuka. Hakuna mtu aliyenigombeza kwa sababu kila mtu alikuwa amesogeza. Tipu nilipata nzuri tu, na hiyo ndo inaniuma. Kule Churchill magari yana idadi, vibali havizidi, na wanapita kwenye njia za zamani zilizochorwa na jeshi, hutoki nje ya njia hata dubu awe mita mia pembeni, kwa sababu ile ardhi ukiikanyaga kwa tairi alama inakaa miaka na miaka. Mgeni alimwambia yule mama tusogee kidogo. Akamjibu, akitaka atakuja. Na hakuona haya kusema hivyo! Mimi ningesema "let me try", mnanijua.

Jambo lingine, njaa. Jioni wageni wamefurahi, mmoja akasema dubu yule alikuwa mnene mzuri. Yule mama akamwambia ukweli kwamba dubu kama yule anapungua karibu kilo moja kila siku akiwa nchi kavu, na kwamba siku bila barafu zimeongezeka karibu wiki tatu ukilinganisha na miaka ya 80. Akataja hesabu: dubu wa upande ule wa ghuba walikadiriwa 1,185 mwaka 1987, wakawa 842 mwaka 2016, na hesabu ya 2021 ikatoa 618. Yaani sasa ni wachache kuliko watu wa kamji kale. Kisha akasema pia, na hii nilimheshimu, kwamba wawindaji wa Kiinuit, wenyeji wa asili wa vijiji vya kaskazini, hawaikubali ile hesabu, wao wanasema dubu wanawaona wengi zaidi milangoni kwao kuliko zamani, na kwamba mtu anayeishi na mnyama asidharauliwe na mtu anayemhesabu kutoka angani. Hakuchagua upande. Mgeni mmoja akauliza sasa sisi tuliokuja kwa ndege tunachangia huko kuyeyuka, akasema ndiyo, na mimi pia nawasha hili gari kila siku. Kimya kidogo, supu ikaendelea.

Sisi bosi anatuambia usiwaharibie wageni likizo. Nimebeba watu wameangalia mito mikavu nikawaambia ni kawaida ya msimu.

Na kuna sehemu alisimamisha gari wakati wa kurudi, hakuna mnyama, hakuna kitu, ni uwanja wenye mnara wa kumbukumbu. Mwaka 1956 serikali yao iliwachukua watu wanaoitwa Sayisi Dene, wafuata caribou, kwa kisingizio kwamba wanamaliza wanyama, ikawaleta Churchill ikawatupa pale kwenye vibanda, bila kazi, bila mawindo. Walikufa wengi sana, baridi, moto, pombe, kupigwa. Waliobaki wakajiondokea wenyewe mwaka 1973 kwenda Tadoule Lake kuanza upya, na serikali iliomba radhi mwaka 2016. Wageni walisikiliza wamevua kofia. Mimi nilikuwa nawaza mzee Laizer wa kwetu, na wengine humu mabibi zenu walitolewa Serengeti mwaka 1959, na mimi kila siku napita geti la Naabi nasema tu karibuni Serengeti, uwanda usio na mwisho. Sitaki kuwapangia cha kuwaambia wageni. Lakini yule mama alitumia dakika sita, na hakuna aliyedai pesa yake.

Siku ya mwisho usiku upepo uligeuka, asubuhi kwenye ghuba maji yamekuwa mazito kama uji wa muhogo, hayarushi mawimbi tena, yanapanda na kushuka tu. Dubu mmoja mdogo mdogo, pengine wa miaka mitatu, alikuwa ukingoni. Akaweka mguu mmoja. Uji ukabonyea. Akaweka wa pili, ukapasuka, akatumbukia mpaka tumboni, akatoka amejikung'uta, akaenda mita kama ishirini pembeni akajaribu tena. Tulimwangalia akijaribu mara tano. Ya sita alikuwa amelala chini, kidevu juu ya mikono, anaangalia maji. Yule mama akawasha injini, maana treni yangu ilikuwa jioni.

Picha. Najua mnazitaka. Ninazo nne, na mbili ni za kidole changu, kwa sababu betri ya simu kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri inakufa kama mshumaa, nilikuwa nimeiweka kwapani inapata joto, nikiitoa inazima. Ile ya tatu ni mwanya wa nondo na kitu cheusi kinang'aa, hicho ni pua. Ya nne ni kwale, ila inabidi mniamini kwamba yupo. Haya, nani ana swali, na mwenye swali la tipu aanze, najua ndo mnalolisubiri.